Thairoidi: tezi ya polepole, na makosa yanayoletwa na haraka

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo aliyelikumbatia bomba la hewa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20. Kazi yake ni kupanga kasi ya mwili: moyo upige upesi au polepole, utumbo usukume chakula kwa nguvu gani, mwili utumie nishati kiasi gani hata ukiwa umelala, ngozi na nywele zijijenge upya baada ya muda gani. Ndiyo maana ikiharibika malalamiko hutoka kila upande, na mgonjwa anaweza kupita kwa daktari wa moyo, wa ngozi na wa uzazi kabla ya yeyote kuifikiria shingo.

Wengi huijua kwa uvimbe wake, goita au rovu. Lakini tezi nyingi zenye hitilafu hazina uvimbe unaoonekana, na rovu kubwa linaweza kuwa linatoa homoni sawasawa kabisa. Ukubwa wa tezi ni swali moja, utendaji wake ni swali jingine. La kwanza hujibiwa na ultrasaundi, la pili na damu.

Ninalotaka lieleweke kuliko yote ni kwamba thairoidi haina haraka. Homoni yake kuu, T4, ikishaingia kwenye damu huchukua kama siku 7 kupungua hadi nusu, wakati insulini hupungua hivyo kwa dakika chache tu. Tena ndani ya tezi kuna ghala la homoni iliyokwisha tengenezwa, linaloweza kuutosha mwili kwa wiki kadhaa hata utengenezaji ukisimama leo. Ukiyashika mambo haya mawili utaona kwamba makosa mengi ya wagonjwa, na mengine ya watoa huduma, ni makosa ya haraka: kupima mapema mno, kubadili dozi kila baada ya wiki mbili, kuacha dawa kwa kuwa dalili zimetulia. Yapo pia mambo machache ambayo hayasubiri hata siku moja, na hayo nitayataja kila yanapofika.

Kipimo kinachosomwa kinyume

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayotoa homoni iitwayo TSH. Hiyo TSH ni sauti ya kuita. Fikiria mzee wa nyumba anayemwita kijana aliye shambani. Akiitikiwa, hunyamaza. Asipoitikiwa, hupaza sauti. Thairoidi ikilegea, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda. Thairoidi ikizidisha homoni, pituitari hunyamaza na TSH hushuka, mara nyingine hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo namba kubwa ya TSH maana yake ni homoni ndogo, na namba ndogo maana yake ni homoni nyingi. Watu wengi husoma karatasi yao ya maabara, wakaona "TSH juu", wakaamini tezi yao inafanya kazi kupita kiasi. Ni kinyume chake.

Kiwango cha kawaida kwa watu wazima huwa kama 0.4 hadi 4.0, ingawa kila maabara ina mipaka yake iliyochapwa pembeni mwa matokeo, tumia hiyo. Pituitari ni nyeti mno: T4 ikishuka kwa nusu, TSH inaweza kupanda mara mia. Hilo ndilo linaloifanya TSH ipimwe kwanza, maana hulalamika mapema, T4 ikiwa bado ndani ya mipaka yake. Ndilo pia linalofanya TSH ya 4.8 isiwe na uzito wowote wa kutisha ikilinganishwa na TSH ya 60.

TSH ikitoka nje ya mipaka, hupimwa T4 huru, yaani sehemu ndogo ya T4 isiyoshikwa na protini za damu, ambayo ndiyo inayoingia kwenye seli. Hizo mbili husomwa pamoja. TSH juu na T4 huru chini: tezi yenyewe imeshindwa. TSH chini na T4 huru juu: homoni zimezidi. TSH juu kidogo na T4 huru ya kawaida: tezi inasukumwa lakini bado inajikaza.

Kuna mpangilio mmoja unaopitwa mara nyingi, T4 huru ikiwa chini huku TSH nayo ikiwa chini au hata "ya kawaida". Hapo tatizo liko kwa mwitaji. Pituitari haipazi sauti wakati ilipaswa kupaza. Mgonjwa huyo anahitaji kuchunguzwa pituitari yake, na kabla ya kuanza homoni ya thairoidi lazima ipimwe kotisoli yake, yaani homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Kama tezi za juu ya figo nazo hazifanyi kazi, kumpa homoni ya thairoidi kwanza kunaweza kumwangusha vibaya, kwa sababu mwili unaongezewa kasi wakati hauna kotisoli ya kuihimili.

Kuhusu T3: T4 ina atomu nne za madini joto, T3 ina tatu. T4 ni akiba, T3 ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli, na sehemu kubwa ya T3 hutengenezwa nje ya thairoidi kwa kuing'oa T4 atomu moja. Kupima T3 kuna maana pale homoni zinaposhukiwa kuzidi. Kwa upungufu haisaidii sana, kwani mwili hujitahidi kuishikilia T3 isishuke hadi dakika za mwisho, na mtu mwenye upungufu mkubwa anaweza kupata T3 ya kawaida.

Yapo mambo ya kuandaa kabla ya kutoa damu. TSH hupanda usiku na kushuka mchana, basi pima asubuhi, na kila mara saa zilezile, ili matokeo yalinganishike. Kama tayari unameza homoni, toa damu kwanza ndipo umeze kidonge. Ukimeza kabla, T4 huru hupanda kwa saa kadhaa na kumdanganya msomaji. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini kwa wingi huvuruga mashine nyingi za maabara, vikaonyesha TSH ndogo na T4 kubwa kwa mtu aliye mzima kabisa. Viache angalau siku 2 kabla, na zaidi kama unatumia dozi kubwa sana. Usipime thairoidi ukiwa umelazwa kwa nimonia au ajali, isipokuwa daktari ana sababu ya kuishuku tezi hiyo hasa. Ugonjwa wowote mkali huzishusha namba hizi kwa muda, kisha zikarudi zenyewe.

Homoni zikipungua

Duniani kwa ujumla, upungufu wa madini joto ndio chanzo kikubwa. Bila madini hayo tezi haina malighafi. TSH hupanda, tezi inanenepa ikijaribu kunasa kila chembe, na rovu linatokea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo hutimiza hitaji la mtu mzima kwa gramu 5 tu, kijiko kimoja cha chai, kiasi ambacho ndicho pia mpaka wa chumvi unaoshauriwa kwa siku nzima. Madini haya hupotea kwa joto, unyevu na mwanga. Iweke chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Mahali ambapo chumvi tayari ina madini joto, chanzo kikuu ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Askari wa kinga ya mwili huigeukia tezi na kuila polepole kwa miaka. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Kipimo chake ni kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya kinachotumiwa na tezi kutengeneza homoni. Kikishatoka chanya hakuna haja ya kukirudia kila mwaka, kwani namba ya kingamwili haibadilishi dozi wala haionyeshi kama dawa inafanya kazi. Ni fedha inayotupwa.

Mtu mwenye Hashimoto asikimbilie matone ya madini joto wala vidonge vya mwani wa baharini. Madini hayo yakizidi, tezi iliyojeruhiwa hujifunga zaidi. Watu wengi hujidhuru hapa kwa nia njema kabisa.

Sababu nyingine ni upasuaji wa tezi, matibabu ya madini joto yenye mionzi, na dawa kama lithiamu (ya maradhi ya akili) na amiodaroni (ya mapigo ya moyo). Anayetumia mojawapo ya dawa hizo mbili apimwe TSH kabla ya kuanza na kila miezi sita hivi.

Dalili huingia taratibu kiasi kwamba mtu huzizoea na kudhani ni uzee au uchovu wa kazi: baridi inayomsumbua peke yake chumbani, choo kigumu, ngozi kavu, sauti nzito, uso uliovimba asubuhi, usahaulifu, ganzi ya vidole, hedhi nzito, mimba isiyoshika, mapigo ya moyo yaliyopungua. Kwenye damu, kolesteroli hupanda bila sababu ya wazi. Kwa maoni yangu hakuna mtu anayepaswa kuanzishiwa dawa ya kolesteroli bila TSH yake kujulikana, kwa sababu mara nyingine homoni ya thairoidi peke yake huishusha, na dawa za kolesteroli huumiza misuli zaidi kwa mwenye upungufu usiotibiwa.

Kuhusu uzito, ukweli usiopendeza ni huu: upungufu wa homoni huongeza kilo chache, mara nyingi 2 hadi 5, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kilo 30 hazitokani na thairoidi peke yake. Anayetarajia kidonge kimwondolee uzito wote atavunjika moyo, kisha ataomba dozi iongezwe, na dozi iliyozidi italeta maradhi mapya.

Sasa suala la TSH iliyopanda kidogo, tuseme kati ya 4 na 10, huku T4 huru ni ya kawaida. Hapa haraka hufanya madhara makubwa. Rudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, safari hii pamoja na kingamwili za TPO. Wengi hurudi kawaida bila dawa yoyote. Huenda walipimwa wakiwa wanatoka kwenye ugonjwa mwingine. Wenye TSH iliyopanda pamoja na kingamwili, takriban 4 kati ya 100 huingia kwenye upungufu kamili kila mwaka. Kwa hiyo wanafuatiliwa mara moja kwa mwaka, si kukimbizwa kwenye dawa. Baada ya miaka 70 TSH hupanda kidogo kwa kawaida, na kumtibu mzee mwenye TSH ya 6 asiye na dalili kunaweza kumletea moyo unaodunda ovyo na mifupa inayovunjika. Aliye mjamzito au anayetafuta mimba hana nafasi ya kungoja hivyo, na TSH ya juu ya 10 kwa kawaida hutibiwa.

Kidonge na masharti yake

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mwanamke mmoja kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, naye akaishi miaka 28 zaidi. Leo dawa ni levothairoksini, ambayo ni T4 ileile inayotengenezwa na tezi yenyewe. Si kitu kigeni mwilini, na ndiyo maana haina madhara ya pekee ikitolewa kwa kipimo sahihi. Karibu madhara yote utakayosoma kwenye karatasi ya dawa ni ya dozi iliyozidi.

Dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ni karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 70 hufika kama 112. Mikrogramu, si miligramu: tofauti ni mara elfu moja, na kosa la kuandika hapa limewahi kupeleka watu wodini. Kijana mwenye moyo mzima anaweza kuanza moja kwa moja karibu na dozi hiyo. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 12.5 hadi 25, kisha kuongezwa taratibu, kwani moyo uliozoea kwenda polepole ukiharakishwa ghafla unaweza kuomba oksijeni nyingi kuliko mishipa yake inavyoweza kuipeleka.

Kinachowatoa wengi njiani ni umezaji. Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Meza na maji matupu, kisha subiri dakika 30 hadi 60 ndipo ule chochote au unywe kahawa. Asubuhi zikikubana, meza wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Chagua moja, usirukeruke. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kuzimua tindikali za tumboni huishika dawa hii ikiwa bado tumboni na kuipitisha bure hadi chooni. Vitenge kwa saa 4. Vyakula vya soya navyo hupunguza ufyonzaji. Dawa zinazopunguza utengenezaji wa tindikali, kama omeprazoli, zinaweza kulazimu dozi iongezwe, na hapo kutenganisha saa hakusaidii, maana tatizo ni tindikali yenyewe kukosekana. Mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma akavimeza pamoja na levothairoksini asubuhi, kwa kuwa vyote ni "dawa za asubuhi", ndiye mfano wa kawaida kuliko wote wa TSH inayopanda bila sababu.

Baada ya kuanza au kubadili dozi, pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Sababu ni ile ya siku 7: dawa huhitaji karibu vipindi vitano vya namna hiyo, wiki 5, ili kiwango chake kitulie mwilini, halafu pituitari nayo inahitaji muda wa kuamini kwamba imeitikiwa. Ukipima wiki ya tatu utakuta TSH bado iko juu, dozi itaongezwa, na wiki ya tisa utakuwa umezidishiwa. Mchezo huo wa kupanda na kushuka unaweza kuendelea mwaka mzima bila mtu kugundua kwamba kosa lilikuwa kalenda. Ukishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka kinatosha.

Upolepole huo una faida pia. Ukisahau kidonge kimoja hakuna kitakachotokea. Kimeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ila ukisahau viwili kila wiki, mwezi hauishi kabla ya TSH kusema. Kuna karatasi moja ya maabara inayofichua zaidi ya maneno: TSH iko juu, na T4 huru nayo iko juu au karibu na kilele. Kwa kawaida ina maana moja: mgonjwa aliacha dawa kwa wiki kadhaa, kisha akaimeza kwa bidii siku chache kabla ya kliniki. T4 imepanda, pituitari haijapata habari. Suluhisho lake ni mazungumzo ya upole kuhusu kwa nini dawa inasahaulika, si kuongeza dozi. Kasha la vidonge lenye vyumba saba vya siku saba hutibu TSH nyingi kuliko mikrogramu 25 za ziada.

Dawa ikae pakavu, mbali na joto na mwanga, ndani ya paketi yake. Ukibadilishiwa kampuni iliyoitengeneza, pima TSH baada ya wiki 6, kwani tofauti ndogo kati ya vidonge huonekana kwa homoni nyeti kama hii. Na kwa mwenye Hashimoto aliyefikia upungufu kamili, au aliyetolewa tezi, dawa ni ya maisha. Kujisikia vizuri ni ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Homoni zikizidi

Hapa mwili unakimbia ukiwa umekaa: moyo unadunda mbio, mikono inatetemeka, jasho na joto wakati wenzako wanajifunika, kuhara au kwenda choo mara nyingi, kukonda huku unakula sana, kukosa usingizi, hasira za karibu, mapaja dhaifu kiasi cha kushindwa kunyanyuka kitini bila kushika kitu. Kwa wazee dalili zinaweza kujificha zote zikabaki mbili: kukonda, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mapigo hayo huweza kufanya damu igande ndani ya moyo na kuleta kiharusi, kwa hiyo mzee mwenye mapigo hayo kwa mara ya kwanza lazima apimwe TSH.

Kabla ya dawa yoyote, swali la kwanza ni hili: je, tezi inatengeneza homoni nyingi, au inavuja zilizokuwa ghalani? Katika ugonjwa wa Graves, kingamwili huiga TSH na kuichapa tezi mjeledi mchana na usiku. Tezi inatengeneza kweli. Katika uvimbe mchungu wa thairoidi unaofuata maambukizi ya virusi, na katika ule unaokuja ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, kuta za ghala zimepasuka na homoni inamwagika. Dawa za kuzuia utengenezaji hazina la kufanya hapo, kwa sababu hakuna kinachotengenezwa. Huachwa kupita huku moyo ukitulizwa, na mara nyingi hufuatwa na miezi ya upungufu kabla ya tezi kupona. Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita, akawa na wasiwasi na moyo kudunda, kisha miezi mitatu baadaye akawa mzito na mwenye huzuni, apimwe TSH kabla ya kuambiwa ni uchovu wa kulea.

Graves hutibiwa kwa kabimazoli au methimazoli, kwa kawaida miezi 12 hadi 18. Nafuu haianzi siku ya pili; dawa inafunga kiwanda, lakini ghala bado limejaa, na hupita wiki 3 hadi 6 kabla ya mtu kuhisi tofauti kubwa. Katika muda huo propranololi hutuliza moyo na mitetemo, isipokuwa kwa mwenye pumu, ambaye dawa hiyo inaweza kumbana kifua. Ufuatiliaji wa miezi ya mwanzo ni kwa T4 huru na T3, si TSH. Pituitari iliyonyamazishwa muda mrefu inaweza kubaki kimya kwa miezi hata homoni zikisharudi kawaida, na anayefuata TSH peke yake ataendelea kuongeza dawa hadi mgonjwa aangukie upande wa pili. Dawa zikiachwa, karibu nusu ya wagonjwa huugua tena. Hao hupewa madini joto yenye mionzi au hufanyiwa upasuaji, na wengi huishia kumeza levothairoksini, jambo lililo rahisi zaidi kusimamia. Baada ya mionzi, mwanamke hungoja angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba.

Anayevuta sigara na ana Graves aache, na hili nalisema kwa mkazo wote nilio nao. Sigara huzidisha ugonjwa wa macho unaoambatana na Graves, macho hutokeza, huuma, huona vitu viwiliviwili, na matibabu yake hushindwa zaidi kwa wavutaji.

Na hapa ndipo pasipo na subira. Kabimazoli, methimazoli na mwenzao propilithiourasili zinaweza, kwa watu wachache sana, chini ya mmoja kati ya 100, kumaliza ghafla chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria. Hutokea zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Ishara yake ni homa, koo kuuma au vidonda mdomoni. Mtu aache dawa siku hiyohiyo na apimwe wingi wa chembe za damu siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Asimeze antibayotiki za nyumbani na kungoja kesho. Kila anayeandikiwa dawa hizi anapaswa kuyabeba maneno haya yameandikwa kwenye karatasi. Homa kali, kuchanganyikiwa na moyo kwenda mbio kupindukia kwa mwenye homoni zilizozidi ni dharura ya hospitali, kama ilivyo kwa mwenye upungufu anayepoa mwili na kusinzia bila kuamka vizuri.

Vinundu kwenye tezi vina neno fupi: vingi mno, zaidi ya 90 kati ya 100, si saratani. Hupimwa TSH na ultrasaundi, na sindano nyembamba huchukua chembe kutoka kwa vile ambavyo umbo au ukubwa wake unatia shaka. Kinachokua upesi, kigumu kama jiwe, au kinachobadili sauti na kubana umezaji, kipelekwe wiki hiyohiyo.

Mimba na mtoto mchanga

Katika wiki za mwanzo mtoto aliye tumboni hana thairoidi inayofanya kazi. Anategemea T4 ya mama kujenga ubongo. Mwanamke anayetumia levothairoksini, mara tu kipimo cha mimba kinapoonyesha chanya, anahitaji dozi iongezwe kwa asilimia 25 hadi 30. Njia rahisi ni kumeza vidonge 9 kwa wiki badala ya 7. Mpango huo ukubaliwe na daktari mapema, kabla ya mimba, ili siku ikifika asisubiri miadi ya kliniki. TSH hupimwa kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito, ikilengwa chini ya 2.5. Akishajifungua hurudi kwenye dozi yake ya zamani na kupima baada ya wiki 6. Anayetumia kabimazoli na anatafuta mimba azungumze na daktari kabla, kwani katika miezi mitatu ya kwanza hubadilishiwa dawa kwa sababu ya hatari ya ulemavu kwa mtoto. Lakini asiiache kimyakimya mwenyewe.

Mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na thairoidi isiyofanya kazi au isiyokuwepo kabisa. Siku za kwanza huonekana mzima, kwa sababu bado ana homoni za mama. Halafu manjano ya macho na ngozi hayaishi, analala kupita kiasi, ananyonya kivivu, choo kigumu, ulimi mkubwa, sauti ya kilio nzito, kitovu kinachotokeza. Ukingoja dalili zote zitimie umeshachelewa, maana ubongo haungoji. Tone la damu la kisigino, siku ya 2 hadi ya 5, huligundua tatizo, na matibabu yakianza ndani ya wiki 2 za kwanza watoto wengi hukua na akili timamu. Pasipokuwa na kipimo hicho kwa watoto wote, mzazi anaweza kuomba TSH na T4 huru za mtoto, hasa manjano yakipita wiki 2.

Dozi ya mtoto mchanga ni kubwa kwa uzito wake kuliko ya mtu mzima, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku. Kidonge husagwa kati ya vijiko viwili vya chai, kikachanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama kiasi cha kijiko, kisha akapewa papo hapo kwa kijiko au sindano isiyo na ncha. Kisitiwe ndani ya chupa nzima ya maziwa, kwani mtoto asipoimaliza hujui amepata kiasi gani. Kisichanganywe na maziwa ya soya, na mchanganyiko wa leo usiwekwe hadi kesho. Akitapika mara baada ya kumeza, arudishiwe dozi ileile.